Kotimiri ina wakati wake: niliyojifunza kwa shangazi, Mombasa na kwenye oda za futari

Nataka niongelee kotimiri mana naona watu wengi wanaichukulia poa sana. Wengine mnaiita giligilani, ndugu zetu wa Kenya wanasema dania, yote sawa tu, namaanisha lile jani la kijani lenye harufu kali linalouzwa kwa vifungu sokoni pembeni ya ndimu na pilipili mbuzi. Mimi napika vitafunio vya oda hapa Dar, sambusa, katlesi, kababu, chatini, na ikifika Ramadhani ndo kabisa usingizi unakua wa mawazo, na kama kuna kitu kimoja kinachomfanya mteja arudi kwangu bila yeye mwenyewe kujua kwanini basi ni hiki kijani. Sio pilipili, sio viungo vya pakiti. Kotimiri nzuri, ikitiwa kwa wakati wake.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwa shangazi yangu ambae alikua anapikia watu shughuli, harusi, maulidi, hitima, akiitwa anaenda na visu vyake na upawa wake na mimi nyuma nimebeba kapu. Sokoni alikua hanunui kotimiri kwa macho. Anachomoa jani moja, analisugua kwa vidole, ananusa, alafu ananisogezea mimi puani, "Nusa mwanangu, hii ya jana hii." Naitika abee shangazi lakini kwakweli mwanzoni nilikua sisikii tofauti yoyote, ila ukisogezewa majani puani kila ukienda sokoni miaka nenda miaka rudi, pua inafunzika yenyewe. Kotimiri iliyong'olewa alfajiri ile ile ina ukali unaopanda, na ndani ya ule ukali kuna kitu kinakaribia undimu. Iliyolala inanukia nyasi tu. Sasa hivi naweza kusimama mbele ya meza ya muuza mboga nikajua bila kugusa, upepo ukipita tu.

Na ukubwa usikudanganye jamani. Fungu lenye majani makubwa yamesimama, mashina manene, mara nyingi limemwagiliwa maji mengi na harufu imekua hafifu. Shangazi alikua anatafuta kotimiri fupi, vijiti vyembamba, mizizi bado imeshika udongo kidogo, mana ikiuzwa na mizizi inachelewa kunyauka. Na alikua anaangalia umbo la jani la juu. Jani likiwa pana limechongeka pembeni, sawa. Likianza kua jembamba limechanika chanika nyuzi nyuzi, mmea umeshaamua kutoa maua, hapo ladha ya jani inabadilika, inakua na uchungu flani na ule ubichi mtamu umekwisha. Muuzaji akikuambia ni ile ile usikubali.

Kuna vijana wananiambia aah dada hicho kitu ni mambo ya mahotelini, wazee wetu walikua wanapika na chumvi tu. Hapana. Hili jani na mbegu yake ni vitu vya kale sana, mbegu za kotimiri zilikutwa hata kwenye kaburi la Tutankhamun kule Misri, mfalme aliekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Na pwani yetu hii imepakana na bahari ambayo majahazi ya Uarabuni na India yamekua yakija na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi karne na karne, sasa unadhani jikoni kwetu patabaki na chumvi tu? Bibi yangu mzaa baba alikua na kinu chake kidogo cha chatini peke yake, hakitwangiwi kitu kingine, na hakuwahi kulala hotelini maisha yake yote.

Sasa nije kwenye lile ambalo naona ndo kiini cha yote. Kotimiri ina vitu vitatu vya kutumia, kijiti, jani na mbegu, na kila kimoja kina wakati wake kwenye moto. Watu wanachanganya hapa alafu wanasema kotimiri haina ladha.

Jani halipendi moto. Ile harufu yake ni vitu vyepesi sana vinavyoruka na mvuke, ukilitia jani kwenye mchuzi unaochemka ukaliacha, unachobaki nacho ni rangi ya kijani iliyofifia na vipande vinavyoganda kwenye meno. Jani linaingia mwisho kabisa, umeshazima jiko, unakorogea mara moja unafunika, mpaka mtu anapakua ndo inampiga puani. Kijiti chenyewe ni kigumu, nacho kina harufu nyingi, na ndo kile watu wanachokata na kutupa! Mimi inaniuma kweli nikiona mtu kakata nusu ya fungu kaitupa kwenye ndoo ya taka. Vijiti navikatakata vidogo vidogo kabisa, navitia kwenye mafuta pamoja na kitunguu thomu na tangawizi pale mwanzo wa kukaanga, kabla ya nyanya. Vinalainika, harufu inaingia kwenye mafuta, na mafuta ndo yanaibeba mpaka kwenye samaki au kunde au chochote unachopika. Alafu jani ndo linakuja kumalizia. Mchuzi wenye kotimiri mara mbili hivi hauhitaji vitu vingi vingine.

Mbegu sasa hiyo ni habari nyingine kabisa, mtu akinusa mbegu na jani amefumba macho hawezi kuamini ni mmea mmoja. Mbegu ina utamu na inaukaribia uchungwa, na yenyewe inapenda moto, ila moto mdogo. Naikaanga kavu kwenye kikaango bila mafuta, natikisa tikisa mpaka ianze kunukia na rangi igeuke kidogo tu, naipoza, ndo natwanga. Ukiisaga ikiwa moto inatoa unyevu inashikana. Kwenye kababu mbegu iliyotwangwa nusu nusu, yaani mtu akitafuna akutane nayo, inaleta raha ambayo unga wa dukani hauwezi kuleta kabisa, mana ule wa dukani umeshasagwa siku nyingi harufu imeishia njiani.

Na usifikirie kua kama huna jani unaweza kuweka mbegu. Haviwakilishani.

Kwenye sambusa ndo nimejifunza zaidi mana sambusa haina pa kujificha, ukikosea mteja anaonja hapo hapo. Nyama ya kusaga naikausha na ndimu, thomu, tangawizi, chumvi, pilipili manga na ile bizari nyembamba, mpaka maji yote yakauke kabisa na nyama iwe chenga chenga. Naitoa motoni. Hapo ndo kuna uvumilivu, unaisambaza kwenye sinia ipoe ipoe kweli, sio vuguvugu. Kitunguu maji nimekikata kidogo kidogo nimekikamua, kotimiri nimeikata kwa kisu kikali, kisu butu kinaiponda inakua nyeusi na inatoa maji. Kisha nachanganya vyote kwenye nyama iliyopoa. Ukichanganya nyama ikiwa moto, kotimiri inapikwa na joto la nyama, inasinyaa, inatoa maji, maji yanalowesha manda, manda inapasuka kwenye mafuta, na hapo hasara inakua ya sambusa nzima sio ya kotimiri peke yake. Ikitiwa kwenye nyama baridi inaingia kwenye mafuta ya moto ikiwa bado mbichi, inapata joto la haraka ndani ya manda na mvuke hauna pa kutokea, mtu akikata tu ile harufu inatoka yote. Hapo ndo mtu anafumba macho. Nimewaona wengi wakifumba macho.

Kuna jirani yangu mmoja wa Unguja, tunaitana shoga, yeye ndo alinifungua kwenye chatini. Kwetu Tanga tulikua tunafanya chatini ya nazi, pilipili na ndimu, kotimiri kidogo tu kwa mbali. Yeye anaigeuza, kotimiri ndo nyingi na nazi inasaidia tu. Anaweka majani na vijiti vyote, nazi iliyokunwa, pilipili mbichi za kijani, thomu, chumvi. Maji anaweka ya baridi kabisa, akiwa na barafu ndo vizuri, mana blenda ikizunguka inapata moto na moto unaua ile harufu na rangi. Na ndimu je? Ndimu anakamua mwisho, wakati wa kuandaa, sio mapema. Nilimuuliza "shoga kwanini usiweke kabisa?" akaniambia ngoja uone, akatenga bakuli mbili. Ile yenye ndimu baada ya masaa machache imegeuka rangi imekua kama zeituni, ile nyingine bado kijani kinawaka. Baadae nikaja kuelewa ni ukali wa ndimu ndo unaivunja ile rangi ya kijani ya jani, mboga yoyote ya majani iko hivo. Kwa mtu anaeuza vitu rangi ni nusu ya kazi, mteja hawezi kuonja kabla hajapenda kwa macho. Toka siku hiyo oda zangu zinaenda na chatini kwenye kikopo na kipande cha ndimu pembeni, mteja anakamua mwenyewe.

Hiyo chatini ukiimwagia kwenye urojo, pale juu ya bajia na kachori na viazi, na ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe, ni kitu kingine. Urojo bila kitu cha kijani cha kuukata unakinaisha haraka. Ila kumbuka ina nazi, haivumilii joto. Kwenye joto la Dar ikikaa nje mchana mzima inaanza kuchacha, itoe kwenye friji kidogo kidogo.

Mombasa nilienda kwa mamkubwa na huko ndo niliona dania inatumika kwa wingi ambao sijawahi kuuona kwetu. Kule kachumbari bila dania wanakuuliza hii imekamilika kweli? Nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, na dania nyingi, na wanaikata pamoja na vijiti, hakuna anaetupa. Viazi karai vyao, wanatia dania kwenye ule uji wa unga wa dengu wenye manjano na pilipili kabla ya kuchovya kiazi kilichochemshwa, ikikaangika ule unga unailinda, na unakula na ukwaju. Na sio pwani tu, hata Nairobi mtu anapika ndengu au maharage, akizima moto tu anakatia dania juu. Nilikaa nao jikoni nikaona kua wenzetu wanaihesabu kama mboga, wanaishika kwa kiganja, wakati sisi tunaibana na vidole viwili. Niliporudi nilianza kushika kiganja. Mamkubwa alisema neno ambalo mpaka leo linanisaidia, "kama hujaihisi mdomoni, basi umeiweka kwa ajili ya macho." Ndo maana sipendi mtindo wa kuweka kijani kimoja juu ya biriani kwa ajili ya picha, sikatazi picha, ila weka za kutosha mtu aonje na yeye.

Kuosha. Hili naomba mnisikilize vizuri mana kotimiri inaliwa mbichi. Mboga nyingi za mjini zinalimwa mabondeni na kuna sehemu maji ya kumwagilia sio salama, sio siri, na kila kipindupindu kikiingia mjini ndo watu wanakumbuka. Mimi naikata mizizi, natia fungu kwenye beseni la maji mengi, natikisa, alafu naichopoa kwa juu. Usimwage maji na kotimiri ikiwa ndani mana mchanga ulioshuka chini unarudi juu tena. Narudia kwa maji mapya mpaka chini ya beseni kusionekane chembe, na maji ya mwisho ni yaliyochemshwa yakapoa. Kisha naitandaza kwenye kitambaa safi ikauke, mana kotimiri yenye maji haikatiki vizuri na inaharibu kujazia kwa sambusa.

Ila ya kuweka, usioshe. Unyevu ndo unaoiozesha. Unachambua majani ya njano yote, hata moja usiache mana linaambukiza wenzake, alafu unasimamisha fungu na mizizi yake kwenye glasi yenye maji kidogo, unafunika juu na mfuko bila kukaza, unaweka kwenye friji. Maji unabadili. Hivo inakaa wiki na zaidi kidogo bila tatizo. Kama huna friji, kitambaa chenye unyevu na mahali pa kivuli, utumie kesho yake, usitegemee zaidi. Na tafadhali msiikaushe. Kuna mint, kuna vingine vinavyokubali kukaushwa, kotimiri ikikauka inabaki majani tu. Ikiwa nyingi na huna la kufanya, isage na mafuta kidogo na chumvi uigandishe kwenye vile vibati vya barafu, inafaa kwenye mchuzi, kwa kachumbari haifai tena.

Baadae nikaanza kupanda mwenyewe kwa sababu Ramadhani bei inapanda kila siku na wakati mwingine inakosekana kabisa saa kumi jioni wakati wewe una oda ya magrib. Sina shamba, nina uwa mdogo tu wa nyumba ya kupanga, nimetumia makarai ya zamani yaliyotoboka na magunia. Kumbe mbegu yenyewe ile ya duara unayoinunua kwa muuza viungo, ilimradi nzima na haijakaangwa, inaota. Na ile duara ndani yake zimo mbegu mbili, unaisugua taratibu na chupa mpaka ipasuke katikati, unailoweka usiku mmoja, unapanda pale pale itakapokulia mana mzizi wake unaenda chini moja kwa moja na haupendi kuhamishwa. Inachelewa kuchomoza, mtu anaweza kukata tamaa wiki ya kwanza akamwaga udongo, subiri.

Shida yake pwani ni joto. Kotimiri inapenda baridi, ndo maana kipupwe, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, inapendeza sana na inakaa muda mrefu bila kutoa maua. Ukiipanda wakati wa kaskazi, Januari Februari jua lile, ikipata kiu hata siku moja tu inaogopa inakimbilia kutoa maua ikiwa bado ndogo. Kwahiyo wakati wa joto mimi naiweka panapopata jua la asubuhi tu, mchana kivuli cha ukuta, maji asubuhi na jioni, na naing'oa ikiwa na wiki kama tano hivi, sisubiri ikue. Na sipandi yote siku moja. Karai hili leo, lile baada ya wiki mbili, ndo unakua nayo muda wote.

Halafu kuna watu ambao hawaipendi na wanasemwa sana kua wana maringo. Wifi yangu mmoja akiila anasema inanuka sabuni, mwingine niliwahi kumpikia akasema kunguni kabisa. Hawasemi uongo. Mwaka 2012 wanasayansi wa Marekani walichapisha utafiti ulioihusisha hali hiyo na sehemu ya vinasaba iliyo karibu na vipokezi vya harufu, kimoja wanakiita OR6A2, na zile kemikali zinazoleta harufu ya jani zina undugu wa karibu na zinazopatikana kwenye sabuni na kwenye wadudu wanaonuka. Kwahiyo kwa kiasi flani ni pua ya mtu alivyozaliwa nayo, sio maringo. Toka nimejua hilo kwenye kila oda nauliza mapema, kuna mtu wa kijani kibaya? Nampikia sambusa zake kando. Na wifi nilimgundulia kitu, ile iliyosagwa kwenye chatini na nazi na pilipili anaweza kuila bila shida, inasemekana jani likipondwa na kukaa kidogo ile harufu inavunjika inapungua makali, na kweli kwake imefanya kazi, sasa anaomba mwenyewe chatini ila kachumbari yenye majani mazima haigusi. Simlazimishi.

Na ile iliyokuzidi ikatoa maua kwenye karai usiing'oe kwa hasira. Maua yake meupe yanavuta nyuki, na baada ya hapo inaweka mbegu za kijani, mbichi bado, na hizo ndo kitu ambacho sijaona kinauzwa sokoni popote, lazima uwe nacho nyumbani. Zina ladha ya jani na ya mbegu kwa pamoja, ukiing'ata moja tu mdomo unajaa. Mimi nazichuma asubuhi, natwanga kwa kinu na pilipili kijani, thomu na chumvi ya mawe, hakuna maji hakuna mafuta, napaka kwenye changu au vibua waliochanjwa vizuri, wanakaa kama nusu saa kisha wanaenda kwenye mkaa. Ndimu ni wakati wa kula. Nikitengeneza hivo wala siweki kitu kingine mezani zaidi ya ugali au mihogo ya kuchemsha.